Zaka ya duka inahesabiwaje? Leteni hesabu, mawaidha tunayo

Mwenye_Fremu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Imani yangu kuhusu mali ni fupi: nilichonacho ni amana, na ndani yake kuna haki ya mtu mwingine. Nikiishika haki hiyo baada ya muda wake kufika, ninakula kisicho changu hata kama kimelala kwenye rafu yangu. Hapo sina shaka. Shaka iko kwenye hesabu. Wafanyabiashara wengi tunafika Ramadhani, tunakadiria kwa macho, tunatoa laki mbili au tatu, basi. Wengine wanagawa unga na sukari wakasema wamemaliza.

Naomba wanaojua watueleze duka la vyakula la rejareja linahesabiwaje: mzigo, droo, floti ya uwakala, madeni ya wateja, mali kauli, vyote. Wasio Waislamu wenye utaratibu wao pia karibuni. Anayetaka kubishana dini ipi ni bora, nyuzi hizo zipo tele huko kwingine.

Mizani40

Mkuu, umeuliza vizuri. Nitafuata madhehebu ya Shafii kwa kuwa ndiyo yaliyoenea pwani yetu, na pale penye tofauti inayogusa mfuko nitaitaja.

Kwanza nisabu, yaani kiwango ambacho chini yake huna wajibu. Ni dhahabu safi gramu 85 au fedha (ile madini, siyo pesa) gramu 595. Angalia bei ya siku yako ya zaka, siyo ya mwaka jana. Tuseme, kwa mfano tu, gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000: nisabu inakuwa 25,500,000. Ukitumia fedha, tuseme gramu ni 4,000, nisabu inashuka hadi 2,380,000. Umeona pengo hilo? Ndiyo maana masheikh wanatofautiana wapi pa kushika. Wanaochagua fedha wanasema inamfaa zaidi maskini. Wanaochagua dhahabu wanasema mwenye milioni mbili na nusu leo huenda yeye mwenyewe ni maskini. Chagua kwa ushauri wa mwalimu wako, kisha usihame hame kila mwaka kutafuta palipo nafuu.

Pili, mwaka. Ni mwaka wa Hijria, siku 354 au 355. Andika tarehe ya Hijria uliyoanza biashara, mfano tarehe 12 Mfungo Nane (Jumada al-Ula), na kila ikirudi ndiyo siku yako. Kwa Shafii, mali ya biashara hutazamwa mwisho wa mwaka: mzigo ulipanda ukashuka katikati haijalishi, ikifika siku ile thamani imetimia nisabu, unatoa. Haikutimia, unaanza kuhesabu mwaka mwingine.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanafunga hesabu Desemba kwa sababu ya mamlaka ya kodi, wanatoa asilimia 2.5 ya hesabu hiyo hiyo. Mwaka wa miladi una siku 11 zaidi, kwa hiyo kila miaka 33 hivi umeruka zaka ya mwaka mzima. Ukilazimika kufuata miladi, tumia asilimia 2.577.

Tatu, siku yenyewe. Usikadirie. Funga duka mapema au anza baada ya Isha, hesabu mzigo kama unayemkabidhi mtu duka. Katoni zisizofunguliwa, vipande vilivyo rafuni, magunia ya stoo, na mzigo ulioko njiani ambao umeshaununua. Kilichoisha muda wa matumizi thamani yake ni sifuri. Rafu, friji, mizani, pikipiki ya kusambazia, mabenchi: havihesabiwi, hivyo ni vyombo vya kazi na haviuzwi.

Bei gani? Siyo uliyonunulia. Ni bei ya soko ya siku ile. Ugomvi ni kama ni ya rejareja au ya jumla. Muuzaji wa jumla hana shida. Kwa duka la rejareja, wapo wanaosema tumia bei unayouzia, na wapo wanaoruhusu bei ya jumla kwa hoja kwamba ukiuza duka zima kwa siku moja hutapata bei ya kipande kimoja kimoja. Anayetaka kutoka kwenye shaka atumie ya rejareja.

Mfano wa karatasi yako:

Mzigo wote: 31,400,000
Taslimu ya droo na ya nyumbani: 1,850,000
Floti ya uwakala na pesa nyingine za simu: 4,200,000
Benki: 6,300,000
Madeni ya wateja wanaolipa: 2,150,000
Upatu uliochangia na zamu yako haijafika: 1,200,000

Jumla ni 47,100,000. Gawa kwa 40, yaani asilimia 2.5. Unapata 1,177,500. Hakuna kanuni nyingine ya siri.

Maelezo madogo. Floti ni mtaji wako, iwe iko kwenye laini au imegeuka noti kwenye droo, ila usiihesabu mara mbili, kosa hili ni la kawaida sana kwa mawakala. Floti ya kuazimwa kwa wakala mkubwa siyo yako. Riba ya benki usiiingize kabisa kwenye karatasi. Inatolewa yote, na haiwi zaka. Deni la mteja aliyehama mtaa na simu haipatikani, liache hadi siku litakapolipwa. Upatu ni deni unalowadai wenzako, ndiyo maana upo hapo.

Mwenye_Fremu

Shukrani sana mkuu. Mali kauli je? Robo ya mzigo wa duka nyingi za mtaani ni ya muuzaji wa jumla, inalipwa ikishauzwa.

Mizani40

Inategemea mlikubaliana nini. Kama ulichukua na bei ikawekwa, na hata kikioza ni hasara yako, basi umenunua kwa deni. Mzigo ni wako, unahesabiwa. Kama mwenyewe anaweza kuja kuuchukua muda wowote, na kikiharibika bila uzembe wako ni hasara yake, wewe ni mbebaji tu. Mzigo ni wake, na zaka yake ni juu yake. Uweke kando siku ya kuhesabu, ikibidi ufunike turubai usichanganye.

Kuhusu deni lenyewe: kauli mpya ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa, ni kwamba deni unalodaiwa halizuii zaka. Unahesabu mali iliyo mkononi mwako bila kupunguza. Wengine, wakiwemo madhehebu ya Hanafi, wanaliondoa. Kwenye mfano wa juu, kama unadaiwa 8,000,000, kwa Shafii unatoa 1,177,500. Kwa wanaopunguza inabaki 39,100,000, na zaka ni 977,500. Tofauti laki mbili.

Kijana_wa_Kariakoo

Mizani40 hapo unawabana watu. Mtu ana mkopo wa milioni 60 wa miaka mitano na bado unamwambia asipunguze?

Mizani40

Kaka, sijambana, nimesema kauli ni mbili. Ila hata kwa wanaopunguza, wengi wa waandishi wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wa zama hizi hawakubali mtu aondoe milioni 60 zote wakati mwaka huu analipa 12 tu. Wanaruhusu kilichoiva au marejesho ya mwaka mmoja. La sivyo wenye magodauni na mikopo ya mabilioni hawatatoa kitu milele, atatoa mama ntilie mwenye akiba yake isiyo na deni. Hilo halikai sawa kwa mantiki yoyote.

Ngome_ya_Sabato

Niruhusuni wa upande wa pili. Wasabato na sisi tuna zaka, lakini mwenzio anapima ghala lake mara moja kwa mwaka, sisi tunapima ongezeko kila linapoingia. Msingi ni Walawi 27:30 na Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani". Imani nyuma yake haiko mbali na ya mwenye uzi: sehemu ya kumi haikuwa yangu tangu mwanzo, kwa hiyo siitoi, ninairudisha.

Mwenye mshahara hana kazi. Mwenye duka ndiye anayechanganyikiwa. Hesabu yake kwa mwezi iko hivi: mauzo 12,000,000. Bidhaa zilizouzwa ziligharimu 9,600,000. Kodi ya fremu, umeme, usafiri na msaidizi 1,000,000. Ongezeko 1,400,000. Zaka 140,000. Sadaka iko juu ya hapo, kwa kadiri ya mtu alivyokusudia moyoni.

Makosa matatu nayajua vizuri. La kwanza, mtu anaondoa thamani ya bidhaa alizonunua badala ya zilizouzwa. Mwezi wa kujaza stoo anaonekana amepata hasara, hatoi kitu, na miezi inayofuata anasahau. La pili, mchele, mafuta na sabuni zinazotoka rafuni kwenda nyumbani haziandikwi. Hilo ni pato, umejilipa kwa bidhaa. Liandike kwa bei uliyonunulia, uliongeze kwenye faida. La tatu, kuondoa ada za watoto na kodi ya nyumba kabla ya kutoa kumi. Gharama za biashara zinaondolewa, za maisha haziondolewi, vinginevyo kila mtu angebaki na sifuri.

Na bahasha ijazwe sawasawa. Zaka inaandikwa kwenye mstari wake, sadaka kwenye yake. Mhazini wa kanisa hana ruhusa ya kutumia zaka kujengea choo wala kununua vipaza sauti. Yote inapelekwa konferensi, yaani ofisi ya kanisa iliyo juu ya makanisa ya mitaa, kwa ajili ya watumishi wa injili. Ukitumbukiza noti kavu bila kuandika, itahesabiwa sadaka na zaka yako itakuwa imepotelea njiani. Dai risiti. Haipunguzi imani.

Kijana_wa_Kariakoo

Hiyo ya mchele wa rafuni kwenda nyumbani imenigusa hata mimi nisiye Msabato. Nusu ya hasara za maduka iko pale.

Korosho_Newala

Maalim, na sisi wakulima? Mtu ana korosho tani mbili anauza kupitia chama cha ushirika, na mahindi ya chakula kidogo. Anatoa nini?

Binti_Maalim

Assalamu alaykum. Hapa pana mkanganyiko mkubwa, niufungue.

Kwa Shafii, zaka ya mazao inawajibika kwenye chakula kikuu kinachohifadhika: mahindi, mpunga, mtama, uwele, pamoja na tende na zabibu. Korosho, karafuu za Pemba, nazi, maembe, muhogo mbichi: hakuna zaka ya mazao. Kwa Hanafi ipo, hata kwenye matunda na mboga. Kwa hiyo mwenye korosho akifuata Shafii hatoi kitu siku ya mavuno. Lakini pesa ya korosho ikishaingia benki na ikafikia nisabu, siku ile anaanza kuihesabia mwaka. Ikikaa mwaka wa Hijria bado iko kwenye nisabu, asilimia 2.5. Ikiliwa kabla, hakuna.

Mahindi hayangoji mwaka. Zaka yake ni siku ya kuvuna, baada ya kukauka na kupukuchuliwa. Nisabu ni wasaki tano, kwa vipimo vya leo kama kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo mia. Yaliyonyweshwa na mvua, sehemu ya kumi. Ya kumwagilia kwa pampu na gharama, nusu ya kumi. Mtu wa magunia 20 ya mvua anatoa mawili. Na mbolea na vibarua haviondolewi kwanza. Tofauti ya kumi na nusu ya kumi ndiyo imebeba habari ya gharama. Mpunga ukipimwa na maganda yake, nisabu inaongezwa mara mbili, kilo 1,306 hivi, kwa kuwa nusu inakadiriwa ni ganda.

Kosa la wakulima: wanapima baada ya kuwapa vibarua mavuno, kulipa deni la dukani kwa magunia na kula miezi miwili. Pima kwanza, lipa baadaye.

Wenye mifugo wasijifiche. Mbuzi au kondoo 40 hadi 120 ni mmoja, 121 ni wawili, 201 ni watatu, 400 ni wanne, kisha kila mia mmoja. Ng'ombe 30 ni ndama wa mwaka mmoja, 40 ni wa miaka miwili. Hii ni kwa wanaochungwa malishoni mwaka mzima. Wa kulishwa zizini na maksai wa kulima hawamo, ila ng'ombe ulionunua kwa kuuza mnadani huo ni mzigo kama sukari, rudi kwenye karatasi ya Mizani40.

Mwenye_Fremu

Dada Binti Maalim, dhahabu ya mke ndani nayo inaingia kwenye karatasi ya duka?

Binti_Maalim

Dhahabu ya mkeo si yako, kaka yangu, usiitie mkono. Zaka ikiwa ipo ni yake.

Kwa Shafii, vipambo halali anavyovaa mwanamke kwa kiasi cha kawaida havina zaka. Aliyenunua bangili azifiche kama akiba, hizo zina zaka. Hanafi wanasema zote zina zaka. Anayetoa, apime usafi. Nisabu ya gramu 85 ni ya dhahabu safi, karati 24. Ya karati 21 zinazotoka Ghuba, nisabu ni gramu 97 na kidogo. Ya karati 18 ni gramu 113. Kwa masonara wanaopima kwa tola, tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo gramu 85 ni tola saba na robo hivi. Vito na shanga vitolewe kwenye uzani.

Sasa niseme la kugawa, kwa sababu naona watu wanahesabu vizuri kisha wanaharibu mlangoni.

Wanaostahiki wametajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60, ni makundi manane. Msikiti haumo, wala kisima, wala mishahara ya madrasa kwa kauli ya wengi. Huko peleka sadaka. Wazazi, watoto na mke unaowajibika kuwalisha huwapi kwa fungu la ufakiri. Kaka, dada, shangazi, mjomba aliye maskini unampa, na ndiye bora zaidi, unapata malipo ya zaka na ya kuunga udugu. Mke tajiri anaweza kumpa mumewe maskini, wengi hawalijui hili.

Jirani asiye Mwislamu? Kwa wanazuoni wengi zaka hapewi, isipokuwa fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo (moja ya yale manane), lakini sadaka ya kawaida mpe bila hesabu.

Kutoa bidhaa badala ya pesa: kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kwamba zaka ya biashara hutolewa kwa thamani, yaani pesa. Kuna waliojuzisha bidhaa. Ukishika kauli hiyo, toa bidhaa anayoihitaji anayepokea na kwa bei ya haki. Kinachofanyika ni mtu kuchambua kanga zilizokosa soko na maziwa yanayoisha muda wiki ijayo, akayaandika kwa bei kamili. Huko ni kusafisha stoo.

Kufuta deni: "Fulani ninamdai laki, nimemsamehe, ndiyo zaka." Kwa kauli sahihi ya madhehebu haitoshi. Mkabidhi laki mkononi kwa nia ya zaka bila sharti. Akikurudishia mwenyewe kulipa deni, sawa. Ukimshurutisha arudishe, imebatilika.

Na zile sarafu za Ijumaa kwa wanaopita mlangoni. Zinaweza kuwa zaka ya kutangulizwa, ila kwa sharti: nia iwepo unapotoa au unapozitenga, anayepokea awe anastahiki, na uandike. Huwezi kukaa mwisho wa mwaka ukasema "nimetoa kama laki tano hivi Ijumaa zote" ukazikata. Zisizo na nia ya zaka zilikuwa sadaka, na zimeshapokelewa kama sadaka inshallah.

Mtu_wa_Muscat

Maalim, sisi tulio Oman na Dubai tunatuma nyumbani, Unguja, Pemba, Mombasa. Kuna sheikh mmoja huku katuambia haijuzu kuhamisha. Tufanyeje?

Binti_Maalim

Anachokisema ndicho kilichoandikwa katika vitabu vya Shafii: zaka igawiwe mji mali ilipo ikiwa wastahiki wapo. Madhehebu mengine, na baadhi ya Mashafii pia, wanaruhusu kuhamisha kwa maslahi, kama jamaa maskini au mji wenye dhiki zaidi. Wengi wa walioko nje wanashika hiyo. Lakini mali iko wapi? Mwenye duka Darajani anayeishi Muscat, zaka ya duka hilo ni ya Unguja, hajahamisha kitu.

Kwa wanaotuma, angalieni mambo matatu. Ada ya kutuma isikatwe kwenye zaka, ilipe juu yake. Hesabu mali kwa fedha moja, riali au shilingi, kwa kiwango cha siku ya zaka. Na unayemtumia ni wakala, siyo mwenye kupokea. Mpaka awakabidhi wenyewe, zaka bado iko shingoni mwako. Mwandikie majina na viwango, akurudishie orodha. Unguja na Pemba ipo pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayopokea zaka, kwa asiye na mtu wa kumwamini.

Mwenye_Fremu

La mwisho wakuu. Mwenye duka ambaye hajui alianza lini, na miaka ya nyuma alikuwa akikadiria tu?

Mizani40

Tarehe: tafuta leseni ya kwanza, mkataba wa fremu au oda ya kwanza ya mzigo, igeuze kuwa ya Hijria. Ikishindikana, kadiria kwa kuvuta mapema kuliko kuchelewesha, kisha isimame hapo hapo. Ukitaka kuhamia Ramadhani, hamia kwa kutanguliza: toa Ramadhani iliyo kabla ya siku yako, usisubiri iliyo baada yake.

Miaka iliyopita haifutiki, ni deni. Chukua kila mwaka, kadiria mzigo kutoka risiti za manunuzi na miamala ya benki na simu, gawa kwa 40, ondoa ulichotoa kwa nia ya zaka mwaka huo. Kinachobaki kigawe mara moja kama unacho. Kama huna, panga mafungu ya kila mwezi, anza mwezi huu, na uandike kwenye wasia wako kiasi kilichobaki ili warithi wakitoe kabla ya kugawana.

Daftari lenyewe liwe na kurasa mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni hesabu ya siku ile na bei ya gramu uliyotumia. Ya pili ni waliopokea, kiasi na tarehe. Kwa majina tumia herufi za kwanza tu, maana daftari la duka linasomwa na kila msaidizi.